Thumuni ya Sista

Msiba wa Sista tuliuhudhuria kwa simu. Kila mtu alikuwa kwake, uso wake kwenye kidirisha chake, na mchungaji alituomba mara tatu tuzime vipaza sauti kwa sababu kuna mtu alikuwa anakaanga vitu. Waliosema walisema vizuri. Mmoja alisema Sista alikuwa mwanamke wa imani. Mwingine alisema alikuwa mama wa kila mgeni aliyetua Texas bila pa kulala. Na wote, bila kupanga, walisema alikuwa msafi. Siku ile usafi ulitajwa kuliko jina la Mungu. Zamu yangu ilipofika, kwa kuwa niliwahi kukaa naye nyumba moja, nilisema mtandao unanisumbua, nikafunga. Haukuwa unanisumbua. Nilikuwa na la kusema, ila halikuwa la kusemwa mbele ya watu wanaokaanga.

Alizikwa Mansfield, kwenye makaburi yenye nyasi zilizokatwa kwa mashine, wakiwepo watu wachache walioachiana nafasi kama wagomvi. Ilikuwa wakati wa korona, ndege za kumpeleka kwao hazikuwepo. Mtu aliyetuambia siku zote kwamba atarudi kwao Taita akiwa amekaa, si akiwa amelala, hakurudi kwa namna yoyote ile. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akangoja mwisho mwema.

Jina alikuwa nalo, lakini hatukulitumia. Kwetu muuguzi huitwa sista hata akiwa na wajukuu, na yeye aliuguza watu maisha yake yote, kwao na huku. Wazee wa Kimarekani aliowahudumia majumbani nao walimwita hivyo, wengine wakidhani ni mtawa. Kuna mmoja, Mkatoliki wa zamani, aliwahi kumwungamia dhambi zake zote kuanzia ujana. Sista alimsikiliza mpaka mwisho, akampima presha, akamwambia asirudie. Alitusimulia kisa hicho bila kucheka, nasi tulicheka mpaka chai ikapoa.

Nilifika Houston mwanzoni mwa mwaka 2017, na sanduku moja na namba ya simu iliyoandikwa nyuma ya risiti. Namba ilikuwa yake. Alikuja kunipokea mwenyewe, na tulipoingia ndani nikainama kumwamkia.

“Shikamoo Sista.”

“Marahaba. Lakini hizo shikamoo zenu Watanzania zinanizeesha bure. Sinki iko pale. Nawa kwanza, tusalimiane baadaye.”

Ndivyo alivyokuwa. Nyumbani kwake hukugusa mtu wala kitu kabla hujanawa. Kitambaa cha kufutia meza hakikufuta jiko, na cha jiko hakikufuta friji. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa Sista jembe lilikuwa stilwaya, nami nilikabidhiwa siku ya kwanza. Niliosha sufuria ya wali, nikaiweka. Akaipindua, akatazama tako lake.

“Hii umeosha ama umeisalimia?”

Nikarudia. Akaipindua tena.

“Sasa mmefahamiana. Rudia.”

Mara ya tatu aliiweka kabatini, nikajua nimefaulu. Mimi ni mtu wa Tanga, nimelelewa na mama aliyekuwa akisugua vyombo kwa majivu na ndimu mpaka mikono ikapauka, kwa hiyo si kwamba sikujua kazi. Lakini Sista alinifundisha kuisugua sufuria kama vile mtu aliyenilisha ananitazama. Kufika mwezi wa pili nilikuwa nasugua bila kuambiwa. Nilisugua mpaka vitasa vya milango. Nilikuwa sina cha kumlipa, naye hakutaka kulipwa, basi nikamlipa kwa mikono.

Alikuwa na misemo ya kazini aliyoitumia nyumbani. “Kisichoandikwa hakikufanyika,” alisema, akimaanisha daftari la mgonjwa, lakini alitudai hata sisi tuandike kwenye karatasi ya friji nani alimwagilia maua na nani alitoa taka. Kama hukuandika, ulimwagilia tena. Mtu huyohuyo wa kuandika kila kitu alikuwa na mali moja tu ya maana duniani, na hakuandika popote wala hakumwambia mtu iko wapi.

Mali yenyewe ilikuwa sarafu. Sarafu za Marekani za karne ya kumi na tisa, za fedha, zile ambazo hazikupigwa kwa ajili ya soko. Wenyewe wanaziita proof. Mara ya kwanza kulisikia neno hilo nilidhani anazungumzia ushahidi wa kesi.

“Ushahidi wa nini, Sista?”

“Kwamba mtu akitaka anaweza kutengeneza kitu vizuri, hata kama hakitatumika.”

Alinieleza kwamba kiwandani walikuwa wanachukua kipande cha fedha, wanaking'arisha kwanza, wanakipiga chapa mara mbili kwa muhuri uliong'arishwa, kisha wanakitoa kwa mkono. Zilikuwa chache kila mwaka, za kuwapa wakubwa na watu wanaopenda vitu. Uso wake ulitoka kama kioo. Yeye mwenyewe aliziita sarafu za kioo, na jina hilo ni lake, sijalisikia kwingine. “Zimepigwa mara mbili ndiyo maana zinang'aa,” aliniambia. “Mimi nimepigwa mara nyingi zaidi, lakini wapi.”

Aliyemtia ugonjwa huo alikuwa mgonjwa wake, mzee mmoja aliyekuwa haongei na mtu. Sista alikaa naye mchana kutwa kwa miezi, na kitu pekee kilichomfungua mdomo mzee yule kilikuwa sarafu zake. Watoto wake hawakuzitaka. Alipokufa, mjane wake alimuuzia Sista moja kwa bei ya urafiki, na kuanzia hapo, wenzake waliponunua viwanja na magari, yeye alinunua sarafu moja baada ya nyingine. Watu walimwona bahili. Alivaa viatu vya kazini mpaka soli zikawa nyembamba, na televisheni yake ilikuwa na mgongo. Mimi nilimwona bahili pia, naomba radhi.

Jumapili moja mchana, tumetoka kanisani, alinionyesha moja. Alinawa, akakausha mikono kidole kwa kidole, akatandika taulo mezani ili ikianguka iangukie laini. Akaitoa kwenye bahasha ndogo ya karatasi.

“Shika kwa ukingo. Ukingo tu. Kidole kina mafuta na chumvi. Kikigusa uso wake kinaacha alama, na hiyo alama haitoki hata wewe ukifa.”

Niliishika kwa ukingo. Ilikuwa nusu dola, nyeupe, inawaka, nikauona uso wangu ndani yake na dirisha la nyuma yangu.

“Thumuni,” nikasema. Ndivyo tunavyoita senti hamsini.

“Sumni,” akanisahihisha. Kenya wanalitamka hivyo.

“Thumuni, Sista. Nyie mmelikata herufi.”

“Na nyinyi mmeliongezea adabu. Haya, thumuni.” Tangu siku hiyo akaiita thumuni, kunitania.

Katikati ya sarafu kulikuwa na mwanamke aliyekaa juu ya jiwe. Nikamuuliza ni nani.

“Uhuru. Kwa hawa watu Uhuru ni mwanamke.”

“Mbona amekaa? Amechoka?”

“Wewe hungechoka?” Akaichukua, akaigeuza kwenye mwanga. “Mimi nataka kurudi nyumbani hivi. Nimekaa. Kiti cha dirishani, msichana ananiletea chai, nashuka kwa miguu yangu. Umeona wangapi tumewachangia warudi wamelala? Mimi sirudi hivyo.”

Ndipo akaniambia mpango wake. Mwezi wa kumi mwaka ule kulikuwa na maonyesho ya sarafu Dallas. Angeziuza zote huko, kisha Desemba angeondoka kwenda Wundanyi, kwao Taita, moja kwa moja, kwenye baridi yake na mvua yake ya ukungu, na asingeshika tena godoro la mtu mwingine. Mifupa yake ilikuwa imekwisha kwa kugeuza wagonjwa. Nilipomuuliza ziko ngapi akarudisha thumuni kwenye bahasha, akasema, “Zinatosha.” Hakunionyesha nyingine. Nilidhani zote zinafanana na ile.

Kiangazi nilipata kazi kaskazini, nikahamia Carrollton, karibu na Dallas. Alinipa sufuria yake moja kama zawadi ya kuhama. Ilikuwa ileile.

Agosti mwishoni mvua ikaipiga Houston. Walioishi huku hawahitaji kusimuliwa, na wasioishi waliona kwenye televisheni: boti zikipita barabarani na watu juu ya mapaa. Maji yaliingia nyumbani kwa Sista yakafika kwenye goti. Yeye hakuwepo. Alikuwa zamu kwenye nyumba ya wazee, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kuja kumpokea wala yeye kutoka, alikaa huko siku tano akigeuza wazee magodoroni.

Kanisa letu la Waswahili la Carrollton lilikusanya akina mama. Tuliondoka magari mawili, Mama Neema akiongoza. Huyu Mama Neema ni Mkenya, mwenyekiti wa akina mama, mtu wa sauti na moyo mkubwa. Tulibeba madumu ya maji, glavu, dawa za madoa, mifuko mizito ya taka. Barabarani nilimpigia Sista simu.

“Sista, tunakuja kukusafishia nyumba. Uniambie cha kuokoa.”

“Biblia ya mama na picha. Hizo nyingine tupeni tu.” Alikuwa amechoka, sauti imekauka. “Usafi nakuachia wewe. Wewe nakujua unasugua.”

Nimeirudia sentensi hiyo kichwani kuliko aya yoyote ya Biblia. Hakusema neno lolote kuhusu kopo la sarafu. Kwa nini hakusema? Labda alijua liko juu na maji hayafiki. Labda alikuwa hajazoea kulitaja. Nimemkasirikia sana kwa kimya kile, na bado sijamaliza.

Tulifanya kazi siku mbili. Mazulia yalitoka yakinuka, mbao za ukutani zikang'olewa, barabara nzima ikawa na vilima vya maisha ya watu mbele ya kila nyumba. Siku ya pili nilipanda kiti kufuta juu ya kabati la jikoni, karibu na dari, nikakuta kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na bahasha ndogo tisa. Bahasha zilikuwa kavu. Hilo peke yake lingemtosha mtu mwenye akili.

Nikafungua ya kwanza, ikatoka thumuni yetu, inawaka. Nikafurahi. Nikafungua ya pili. Ilikuwa nyeusi ukingoni, ikawa ya buluu, ikawa zambarau, katikati ina rangi ya chai ya rangi. Ya tatu hivyohivyo. Zote nane zilizobaki zilikuwa na madoa hayo, nyingine za kijani na dhahabu kama mafuta yaliyomwagika kwenye dimbwi. Niliyajua maji yale machafu yalivyofanya vijiko vyake na bawaba za milango. Nikajua yamemfikia na huku. Nikaona mwezi wa kumi unakuja, na Sista amesimama mbele ya wanunuzi na sarafu zilizooza.

Nililia kidogo pale juu ya kiti. Kisha nikashuka nikafanya kazi.

Nilichukua majivu kwenye jiko la kuchomea nyama uani, yaliyobaki makavu chini ya kifuniko, nikayachekecha kwa kitambaa yakawa laini kama poda. Nikakata ndimu. Mama Neema alipita akaona, akaniambia, “Mama yangu alikuwa anatumia magadi, jaribu pia na magadi.” Nikajaribu na magadi. Nilisugua kwa kidole gumba, taratibu, kwa upendo wote niliokuwa nao, na rangi ile ikatoka nyeusi kwenye kitambaa. Moja moja, mchana mzima. Nilisugua hata thumuni ya kwanza, isije ikawaonea wivu wenzake. Nilimaliza nikazipanga kwenye taulo jeupe, tisa, zote zinawaka sawasawa.

Sista alifika alasiri akiwa bado na nguo za kazi. Akina mama wakapiga vigelegele. Mama Neema akamshika mkono, akamtembeza chumba kwa chumba, akamfikisha jikoni mbele ya taulo.

“Hizi nazo msichana wako amezifufua,” akasema. “Zilikuwa zimeoza kabisa.”

Sista alinawa. Akaichukua moja kwa ukingo, akaiinamisha kwenye dirisha. Akaiweka. Akachukua ya pili. Alizitazama zote tisa namna hiyo, hakuharakisha hata moja, na ya mwisho aliiweka chini kisha akaibonyeza na kidole gumba, katikati, juu ya yule mama aliyekaa. Nilidhani anasahau kwa furaha.

“Asanteni,” akasema. “Mmefanya kazi.”

Akarudi kwenye sinki akanawa tena, muda mrefu, maji yakimwagika tu. Mama Neema akaongoza sala ya shukrani.

Mwezi wa kumi alinipigia simu akaniomba nimpeleke kwenye maonyesho Dallas. Nilichukua ruhusa kazini, nikavaa vizuri. Ulikuwa ukumbi mkubwa wenye meza mamia, taa ndogo juu ya kila meza, wazee wa Kizungu na miwani ya fundi saa jichoni. Sista alichagua mmoja aliyekuwa akimfahamu kwa barua. Mzee mpole. Akatoa sarafu kwenye bahasha ya kwanza, akaiinamisha chini ya taa.

“Cleaned,” akasema. Yaani imesafishwa.

Nilitabasamu. Naomba mnielewe, nilitabasamu. Akafungua ya pili. “Cleaned.” Ya tatu, kwa sauti ya chini zaidi. Nami nikamwambia, kwa Kiingereza changu chote, kwamba ni mimi niliyezisafisha, kwa mikono yangu. Yule mzee alinyanyua macho akanitazama, kisha akamtazama Sista, na Sista alikuwa anaangalia meza. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba neno nililoambiwa tangu utotoni kama sifa, mezani pale lilikuwa hukumu. Alilitamka mara tisa. Kwa ile ya tisa alimpa Sista pole, kama daktari.

Tulikaa garini bila kuwasha injini.

“Rangi ile haikuwa ya mafuriko,” Sista alisema. “Ni miaka zaidi ya mia kwenye karatasi. Sarafu imepigwa kabla reli haijafika kwetu Voi, ikakaa, ikajifanyia ile rangi polepole. Ndiyo watu wanalipia. Ukisugua unatoa rangi na unatoa kioo pia. Ukiiweka kwa taa unaona mikwaruzo ya kidole, imezunguka hivi.” Akazungusha kidole gumba hewani. Ndivyo hasa nilivyosugua.

“Maji hayakuzifikia?”

“Hayakuzifikia.”

Basi maji hayakuzifikia. Mimi nilizifikia.

“Lakini ile uliyonionyesha ilikuwa inawaka,” nikasema. Nilikuwa nimeanza kulia na hasira pamoja. “Ulinionyesha ile, Sista. Ningejuaje?”

“Ile ndiyo ilikuwa ya bei ya chini. Mtu aliisugua zamani, hata kabla yangu. Naonyesha wageni ile kwa sababu wageni wanapenda kung'aa.” Akavuta mkanda wa kiti. “Zile nzuri nilikuwa natazama mwenyewe.”

“Mbona hukuniambia siku ileile? Umenyamaza wiki zote hizi, umeniacha nije huku nijisifu mbele ya watu?”

“Ningekwambia, ungefanya nini? Ungerudishia uchafu?”

Nikafuta machozi kwa kiganja.

“Nilitaka kuwa na hakika,” akasema. “Nilidhani labda macho yangu yamezeeka. Nani alikufundisha kusugua, wewe msichana?”

“Wewe.”

“Haya basi. Endesha gari.”

Nane aliziuza kwa bei ya fedha ya kuyeyushwa. Thumuni alibaki nayo. Desemba haikuondoka na mtu. Nyumba ya Houston ilikuwa ya kupanga, mwenye nyumba akaichukua, na Sista akapata kazi Mansfield, huku kwetu upande wa Dallas, kwenye nyumba nyingine ya wazee, akaanza tena kugeuza wazee kwa magoti yaleyale yaliyochoka. Kwake yeye, hapa ndipo lilipokuwepo jambo lenyewe, na sitaki lipotee katika habari za sarafu: mwanamke aliyekuwa na miezi miwili tu ya kufanya kazi alirudishwa mwanzo, na aliyemrudisha ni mimi.

Hakumwambia mtu. Hilo ndilo lililonitafuna. Kanisani Mama Neema aliendelea kutoa ushuhuda wa Houston, jinsi tulivyoifufua nyumba ya Sista, “hata hela za kale ziling'aa,” na watu wakageuka kunitazama kwa furaha, na Sista, safu mbili mbele yangu, akaitikia amina. Nilimchukia kwa ukarimu ule. Angenitukana, ningelia, ningepiga magoti, tungemaliza. Alininyima hata nafasi ya kuomba msamaha mbele ya watu, kwa sababu kuomba kungekuwa kufichua alichokuwa amekinyamazia. Nikaanza kuhudhuria ibada ya asubuhi, ya Kiingereza, asikokuwepo. Tulipokutana kwenye harusi au msiba alinisalimia vilevile, akaniuliza kama nimekula. Nilijibu nimekula hata nikiwa na njaa. Miaka miwili na zaidi ikapita hivyo, na usinidhani niliacha kumpenda.

Na jambo jingine niligundua, nalo halinifurahishi. Alikuwa na fomu za kuzipeleka sarafu zile kwa wakaguzi, ambao huzipima, huzipa daraja na kuzifungia kwenye kasha la plastiki gumu lisilofunguka. Fomu zilikuwa zimejazwa zote, kwa mwandiko wake mzuri wa daftari la mgonjwa, miaka mingi kabla sijamjua. Hakuzituma. Binti mmoja aliyekaa naye kabla yangu, aliyeziona, aliniambia Sista alishindwa kuvumilia wazo la mikono mingine. Angezituma, ningekuta makasha ya plastiki koponi, ningeyafuta vumbi tu. Kisichoandikwa hakikufanyika, Sista. Ulitwambia wewe mwenyewe, na kilichoandikwa kisipotumwa je? Nikiwa na uchungu huwa nabishana naye hivi, na kwa kuwa hajibu, huwa nashinda, na ushindi wenyewe hauna ladha.

Mara ya mwisho nilimwona Julai 2020. Kanisa lilikuwa linapeleka chakula kwa wauguzi wetu waliokuwa kwenye nyumba za wazee, kule ugonjwa ulikokuwa unakula watu. Mama Neema aliniandikia nipeleke Mansfield. Sikuweza kukataa bila kueleza, na kueleza sikuweza. Nikapika pilau, nikaifunga vizuri, nikaendesha.

Alitoka mlango wa nyuma na barakoa mbili, ngao ya plastiki imepandishwa kichwani. Alikuwa amekonda. Pembeni mwa mlango kulikuwa na kiti cha plastiki cha wavuta sigara, akakikalia kwa kujishusha polepole, mkono kwenye goti.

“Simama hapohapo,” akasema. “Usikaribie. Huku ndani tumepoteza sita.”

“Shikamoo, Sista.”

“Marahaba. Siku hizi inanistahili.”

Nikaweka chakula chini, nikarudi nyuma hadi mwisho wa gari langu, kwenye buti. Akauliza kama bado nasugua. Nikasema nimeacha, nafua na kuosha vya lazima tu.

“Usiache. Sufuria hazina kosa.”

Jua la Texas lilikuwa linapiga lami mpaka inanuka. Nikamuuliza, kwa kuwa sikujua kingine cha kuuliza, kama ana habari za nyumbani.

“Nilikuwa na tiketi,” akasema. “Hukujua? Nilianza upya, shift mbili mbili, nikamaliza. Tiketi ya Aprili. Kiti cha dirishani.” Akacheka kidogo ndani ya barakoa. “Wakafunga ndege mwezi wa tatu.”

Nilijua kuhesabu. Bila mimi angekuwa Wundanyi tangu Desemba ile, miaka miwili na zaidi kabla ya ugonjwa huu, anakunywa chai kwenye ukungu. Nilifungua mdomo niombe msamaha nilioubeba muda wote huo, na ulipotoka haukuwa maneno. Nililia nikiwa nimesimama mbali naye, mikono imenining'inia, na yeye asiyeruhusiwa kunishika akakaa ananitazama.

“Wacha,” akasema. “Wacha hiyo. Kuna kitu yako.”

Akanyanyuka kwa shida, akatoa kitu mfukoni, akaja akakiweka juu ya boneti ya gari, akarudi kwenye kiti chake. Ilikuwa thumuni, bila bahasha. Nikasogea. Nikainyanyua kama alivyonifundisha, kwa ukingo, kwa vidole viwili, nisiuguse uso wake.

Sista akatikisa kichwa.

“Shika vizuri, kwa mkono mzima,” akasema. “Usiogope. Nimeipangusa na spiriti pande zote. Nimeisafisha.”